Kitanda kipo, analala mlangoni: uchambuzi wa kisa cha kijana aliyetolewa mtaani mara tatu

Usiku wa nne katika chumba chake kipya, K. alikutwa amelala sakafuni, mgongo kauegemeza mlangoni, viatu miguuni na kamba zimefungwa mafundo mawili mawili. Kitanda kilikuwa vilevile kilivyotandikwa siku aliyofika. Mlezi wa zamu akaandika kwenye daftari: "Hataki kulala kitandani. Mkaidi." Daftari hilo lilisomwa na kila aliyeingia zamu baada yake, na kwa wiki tano zilizofuata kila alichofanya K. kilipimwa kwa neno hilo la mwisho.

K. si mtu mmoja. Ni kisa cha kufundishia, kilichounganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kazi ya kuwasaidia vijana wanaolala mtaani, ili asitambulike mtu yeyote halisi. Umri wake ni miaka 17. Aliondoka kwao akiwa na miaka 13, na kama ilivyo kwa wengi, hakuondoka siku moja. Alianza kushinda nje, halafu akawa analala nje usiku mmoja kwa wiki, halafu mitatu, mpaka ikafika siku ambayo kurudi nyumbani kulihitaji maelezo mengi kuliko kutorudi. Anayetaka kumsaidia alikumbuke hilo, kwa sababu kurudi nako huenda hivyohivyo, kidogo kidogo, huku akiteleza na kuanza tena. Mipango mingi huandikwa kana kwamba mtu anavuka mstari mara moja na yakaisha.

Mara mbili za mwanzo

Kabla ya chumba hiki K. alikuwa "ametolewa mtaani" mara mbili. Akiwa na miaka 14 alizolewa kwenye msako wa usiku na kupelekwa nyumba ya kulelea watoto. Alitoroka siku ya 11. Akiwa na miaka 15 alirudishwa kwao: alisindikizwa hadi mlangoni, picha ikapigwa, fomu ikajazwa "ameunganishwa na familia", gari likaondoka. Alikaa wiki tatu. Kwenye ripoti, mara zote mbili zilihesabiwa kuwa mafanikio, kwa sababu hesabu ilifungwa siku ya makabidhiano.

Msako humfundisha kijana jambo moja tu: mtu mzima anayemsogelea usiku amekuja kumkamata. Zaidi ya hapo humpotezea vitu. K. alipoteza blanketi, simu, na karatasi pekee aliyokuwa nayo yenye jina lake kamili, kadi ya kliniki ya utotoni. Mwaka 2017 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla Na. 21, ilitofautisha namna tatu za kumtazama mtoto aliye mtaani: kama mhalifu wa kudhibitiwa, kama mhanga wa kuokolewa, na kama mtu mwenye haki anayepaswa kushirikishwa katika maamuzi yanayomhusu. Msako uliomzoa K. ulikuwa mchanganyiko wa mbili za kwanza: polisi walikuja kudhibiti, wahisani wakaja kuokoa, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kumrudisha nyumbani kulikosewa kwa namna nyingine. Ugomvi uliomtoa ulikuwa kati yake na mume mpya wa mama yake, na chanzo chake kilikuwa pesa ndogo alizokuwa akizipata kwa kubeba mizigo: nani azishike. Hakuna aliyeuliza swali hilo. Kazi ya kuunganisha familia huanza bila kijana kuwepo. Unakwenda peke yako angalau mara mbili, unasikiliza, unaangalia atalala wapi na na nani, unauliza ana deni gani shuleni, unauliza nani mwenye kauli ya mwisho nyumbani hapo. Kisha unarudi kwa kijana na ulichokiona, bila kukipamba. Ikiwa bado anataka, anakwenda kushinda mchana mmoja, halafu kulala usiku mmoja, halafu siku tatu. Kila mara anarudi, na kila mara anaulizwa. Na ikiwa kilichomtoa ni kupigwa au kuingiliwa kimwili, hakuna hatua ya pili. Nyumbani huko hakurudishwi mtu.

Chumba, na usiku wa nne

Mara ya tatu palikuwa na chumba cha kweli: nyumba yenye vyumba vinne, kila kijana na chake, jiko la pamoja, mlezi mmoja kila usiku. Masharti yalikuwa manne: kuwa ndani ifikapo saa tatu usiku, kutotumia kilevi chochote, kuhudhuria kikao cha asubuhi, na kupokea upekuzi wa mfuko kila anapoingia. Maonyo matatu, chumba kinapotea. Muda wa kukaa ulikuwa miezi sita.

Tuanze na ule mlango. Anayelala nje halali usiku mzima. Hulala vipande vya saa moja au mbili, mara nyingi alfajiri na mchana, sikio moja likiwa macho. Viatu havivuliwi kwa sababu huibwa, na kwa sababu unaweza kulazimika kukimbia. Mahali pazuri pa kulala ni pale unapomsikia anayekuja kabla hajakufikia. Sasa mpe mtu huyo chumba chenye mlango usiofungika kwa ndani, korido yenye zulia linalomeza nyayo, na mlezi anayefungua mlango kila saa mbili "kuangalia kama yupo". Mgongo kwenye mlango ni kitasa alichojitengenezea mwenyewe.

Dawa yake ilikuwa rahisi na haikutolewa: kitasa cha ndani (ofisi ikibaki na ufunguo wa dharura, naye akijua hivyo), ruhusa ya kuweka godoro popote, taa kuwaka akitaka, na kanuni kwamba mlezi hubisha, hutaja jina lake, husubiri kujibiwa. Badala yake K. alionywa kwa kutolala kitandani. Saa moja asubuhi, muda ambao mwili wake ulikuwa ndiyo kwanza umekubali usingizi, aliamshwa kwenda kwenye kikao. Alisinzia kikaoni. Onyo la pili.

Halafu gundi. K. alikuwa akivuta gundi ya viatu tangu miaka 14, kwa sababu zilezile zinazotajwa na karibu kila anayevuta: njaa husahaulika, baridi hupungua, usiku hupita. Kilichomo ni toluini, inayoingia kwenye ubongo kwa sekunde chache. Anayeacha ghafla hupata siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili tatu, za hasira, kichwa kuuma, mikono kutetemeka na usingizi mbovu, na hakuna kidonge cha kuziba nafasi yake. Siku hizo mbaya ndizo zilizoangukia kwenye wiki ambazo masharti yalikuwa makali kuliko wakati wowote.

Siku ya 16 chupa ilionekana mkononi mwake uani, mlezi akamkimbiza kuinyang'anya. Hapo bahati tu ndiyo iliyookoa maisha. Kuvuta mvuke wa aina hii huufanya moyo uwe mwepesi kupokea homoni ya hofu. Mtu akishtuliwa au akikimbizwa katika hali hiyo, mapigo yanaweza kuvurugika na moyo ukasimama papo hapo, hata kwa kijana mwenye afya na hata kama anavuta kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo sauti inakuwa ya chini, anakaa mahali penye hewa, hakuna kunyang'anyana, hakuna kumzunguka watu watatu, na mtu mmoja anabaki naye mpaka kichwa kimtulie. Akizimia analazwa kwa ubavu na msaada wa matibabu unaitwa. Mazungumzo ni kesho yake. Mlezi asiyefundishwa hili asipangiwe zamu ya usiku.

Palikuwa na jambo dogo ambalo nalo lilikaribia kuvunja nyumba: upele, ule wa vijidudu vinavyochimba chini ya ngozi. K. alipewa dawa peke yake, akapona wiki moja, akaambukizwa upya na mwenzake, na wote wawili wakaitana wachafu mezani. Dawa ya kupaka ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa kuanzia shingoni hadi vidoleni, hukaa mwilini saa 8 hadi 14, na hurudiwa baada ya wiki moja, wakazi wote siku ileile, anayejikuna na asiyejikuna. Nguo na mashuka hufuliwa kwa maji moto. Visivyofulika hufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa angalau siku tatu. Kuwashwa kunaweza kuendelea hadi wiki nne baada ya vijidudu kufa, na hilo waambiwe mapema, la sivyo watasema dawa ni feki.

Jukwaa la wiki ya tano

Yote hayo yangeweza kurekebishwa. Kilichomtoa K. ndani ya nyumba ni kipaza sauti.

Wiki ya tano kulikuwa na hafla ya kuchangisha fedha. Afisa wa mawasiliano alimwomba K. asimulie maisha yake "ili sauti za vijana zisikike". Hotuba iliandikwa na afisa, kurasa mbili, yenye baba wa kambo, kipigo, na usiku wa kwanza wa mvua. Fomu ya ridhaa ilisainiwa saa mbili kabla ya hafla. K. aliisoma vizuri, akapigiwa makofi watu wakiwa wamesimama, video ikawekwa mtandaoni usiku huohuo. Ndani ya siku mbili ilikuwa kwenye simu za kijiweni. Siku ya tatu ilimfikia mama yake. Alhamisi rafiki yake wa kijiweni, aliyelala naye chini ya turubai moja kwa miaka miwili, alimwambia: "Umeuza shida zetu, na sisi hujatugawia." Usiku huo hakurudi chumbani. Kosa la saa tatu likawa onyo la tatu, na jalada likafungwa kwa maneno "ameondoka kwa hiari".

Mwaka 1992 Roger Hart, katika andiko lake kwa UNICEF, alichora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato nane, na akasema wazi kwamba vidato vitatu vya chini si ushiriki: mtoto kutumiwa, mtoto kuwa pambo, na mtoto kuwekwa ili ionekane yupo. K. alikanyaga vyote vitatu kwa dakika 12. Maneno hayakuwa yake, picha yake ilipamba meza ya wafadhili, na hakuna uamuzi wowote wa shirika uliobadilika kwa sababu alizungumza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 una ibara ya 12, ya mtoto kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na una pia ibara ya 16, ya kulindwa faragha yake. Mashirika huipenda sana ya kwanza na kuipita ya pili kimyakimya.

Kuhusu ile ridhaa, tatizo halikuwa saini bali aliyeomba. Mtu anayekuomba usimulie ndiye yuleyule anayeshika chumba chako, na wewe una maonyo mawili tayari. Ukikataa kitatokea nini? Hakuna aliyemwambia, kwa hiyo alijibu swali hilo mwenyewe.

Ridhaa ya kweli huchukua siku, na huombwa na mtu asiye na mamlaka juu ya makazi. Unaeleza nani atasikiliza, nani atarekodi, itawekwa wapi, itakaa muda gani, nani ataifuta ukiomba, na kwamba kikishasambaa kwenye simu za watu hakifutiki. Unaondoka. Unarudi baada ya siku tatu, unauliza tena. Unauliza mara ya mwisho asubuhi ya tukio, na hafla inakuwa imepangwa kwa namna ambayo inaweza kwenda bila yeye, vinginevyo swali ni la uongo. Jina la bandia halimfichi mtu ambaye uso na sauti yake vipo. Na msemaji hulipwa kwa muda wake kama wasemaji wengine wanavyolipwa. Kumpa soda na fulana ya shirika si malipo.

Hodi kijiweni

Kazi ya pili ilianza na mfuko. K. alipoondoka aliacha mfuko wa nailoni: suruali moja, chaja, daftari, picha ndogo iliyokunjika. Kwa kawaida vitu hivyo hutupwa chumba kinaposafishwa. Safari hii vilifungwa, vikaandikwa jina na tarehe, vikawekwa stoo. Siku ya 12 wafanyakazi wawili wa mtaani waliupeleka.

Kijiwe ni nyumba ya watu, hata kama hakina ukuta. Walisimama mbali kidogo.

"Hodi wenyeji."

"Karibu dada. Leo mmekuja kumchukua nani?"

"Hakuna. Tumemletea K. mzigo wake."

Aliufungua, akahesabu, akauliza chaja imewekwa na nani. Basi. Hakuulizwa atarudi lini. Wafanyakazi walewale wawili walirudi Jumanne na Ijumaa, saa ileile, kwa wiki saba. Kubadilisha sura kila wiki huua kazi hii haraka kuliko kitu kingine, kwani kila mgeni huanza upya na swali la "ilikuwaje ukafika mtaani". K. alikuwa ameshalijibu kwenye meza saba tofauti, na kila meza ikampa jalada lake.

Wiki ya nne ya ziara hizo alipewa karatasi moja na kalamu, akaandika na dada mmoja kati ya wale wawili ukurasa wenye sehemu tatu. Juu: mambo ambayo kila anayefanya kazi na mimi ajue. Katikati: mambo ya kuniuliza kwanza kabla ya kumwambia mtu. Chini: mambo yasiyomhusu mtu. Sehemu ya juu ilikuwa na mistari mitano, mmoja wao ukisema "Usinishike begani kwa nyuma." Sehemu ya chini aliandika neno moja, "Nyumbani," akalipigia mstari. Kuanzia hapo ukurasa huo ndio uliotangulia jalada kila alikopelekwa, na nakala yake alikaa nayo yeye. Ukitaka kujua sauti ya kijana huyu ilianzia wapi, ni kwenye neno hilo lililopigiwa mstari. Alikuwa ameamua kitu kisisemwe, na safari hii kikaachwa.

Miezi tisa

Chumba cha pili kilitolewa bila masharti ya kuacha gundi kwanza. Mtazamo huu wa makazi kwanza ulianza New York mwaka 1992, katika programu ya Sam Tsemberis kwa watu wazima wenye maradhi ya akili waliokuwa wakilala nje: nyumba haitangojea tiba, na kuiacha tiba hakumnyang'anyi mtu nyumba. Kwa kijana hauwezi kunakiliwa ulivyo. Mtu mzima huenda aliwahi kuendesha nyumba yake. K. hakuwahi kulipa bili wala kukaa peke yake ndani ya kuta nne. Kwa hiyo mlango unakuwa mpana vilevile, ila msaada unaongezwa uzito, na mfanyakazi mmoja asibebe vijana zaidi ya 10.

Ratiba ilifuata mpango wa miezi tisa wenye awamu tatu za miezi mitatu mitatu, uliobuniwa nao New York kwa ajili ya watu waliokuwa wakitoka kwenye mabweni ya wasio na makazi. Awamu ya kwanza mfanyakazi yupo sana: ziara mara tatu kwa wiki, kwenda naye hospitali, kukaa naye ofisini kwenye foleni. Awamu ya pili anapunguza na kuangalia wapi panavuja. Awamu ya tatu anawakabidhi watu watakaobaki: fundi anayemfundisha kazi, jirani, mshauri wa kituo cha afya. Katika kila awamu yanashikwa mambo mawili au matatu tu. Kwa K. awamu ya kwanza ilikuwa usingizi na kitambulisho, na mengine yote, pamoja na shule, yaliachwa yasubiri. Hilo liliwaudhi baadhi ya watu ofisini.

Kitambulisho kilichukua miezi saba. Ofisi huomba anwani ili upate kitambulisho, na huomba kitambulisho ili upangishe chumba chenye anwani. Mduara huu hukatwa kwa karatasi ndogo ndogo: rejista ya kituo cha afya alikozaliwa, rejista ya shule ya msingi, barua ya kiongozi wa mtaa, barua ya shirika inayothibitisha anwani. Kosa linalorudisha wengi nyuma ni tahajia. Shuleni jina lake liliandikwa kwa herufi moja tofauti na kliniki, na ofisi ikasema ni watu wawili. Tangu siku ya kwanza andika jina kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa, na tarehe zote za kuzaliwa zilizowahi kutajwa. Nakala zikae sehemu tatu: kwake, ofisini, na picha mahali salama mtandaoni. Ibara ya 8 ya Mkataba wa 1989 inaitaka serikali imsaidie haraka mtoto aliyenyimwa utambulisho wake. Kuitaja kwenye barua huwa kunasaidia, ingawa rejista ya shule husaidia zaidi.

Kipindi cha hatari ni wiki ya tatu hadi ya tisa. Wasiwasi wa siku za kwanza umeisha, mfanyakazi ameanza kupumua, na kijana amegundua kitu ambacho hakuna aliyemtahadharisha: chumba kina ukimya. Kijiweni alikuwa na watu tisa. Basi watu tisa wakaja. Wiki ya nne chumba cha K. kilikuwa kinalaza watano, jirani akalalamika, mwenye nyumba akatoa notisi ya mdomo. Vyumba vingi hupotea kwa njia hii kuliko kwa kilevi, na kumkataza wageni hakusaidii, kwa sababu unamtaka achague kati ya chumba na watu waliomlinda alipokuwa hana chochote. Kilichofanya kazi ni makubaliano ya maandishi ya wageni wawili, mwisho saa nne usiku, na ruhusa ya kutusingizia: "Waambie ni ofisi imekataa. Sisi tutabeba lawama." Kijana anayeweza kumlaumu mtu mwingine anaweza kumwambia rafiki hapana bila kumpoteza. Na Jumamosi mchana aliendelea kwenda kijiweni kama kawaida. Tulisikia watu wakisema huko ni kurudi nyuma. Aliyekatwa na watu wake wote ndani ya wiki moja hana pa kwenda usiku ukuta ukimzidi nguvu.

Posho ilianza kwa siku, ikawa ya wiki baada ya miezi miwili, ya mwezi baada ya mitano. Ukianza na ya mwezi itaisha siku ya tatu, nyingi ikienda kulipa madeni ya watu waliomlisha zamani, na hayo ni madeni halali.

Choo kinafungwa saa kumi na mbili

Kikao cha wakazi kilikuwa kila Jumatano, dakika 40, mwenyekiti kwa zamu. Kanuni yake moja iliyokuwa na uzito: kila kikao kiamue jambo moja, na ofisi ilete jibu ndani ya siku saba, liwe ndiyo au hapana yenye sababu. Vikao visivyoleta jibu hufa wiki ya tatu, na vijana huwa sahihi kuviacha. K. hakusema neno kwa vikao vitano. Cha sita ofisi ilileta wazo la kuchora ukuta wa mbele picha ya watoto wa mtaani wakitabasamu. Akasema, "Mimi sitaki kupita kwenye ukuta huo kila siku." Ukuta ukapakwa rangi ya kawaida.

Mwezi wa sita vijana 11, watano bado wakilala nje, walianza kuchora ramani ya sehemu wanazofukuzwa. Walichora mezani, mchana, kwa kumbukumbu. Kuwatuma watu kutembea usiku kukusanya taarifa ni kuwaweka hatarini. Ramani ilipokamilika alama zilijazana mahali pasipotarajiwa: kuzunguka vyoo vya umma. Vyote vinne vilifungwa saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo wavulana walijisaidia nyuma ya maduka wakakamatwa, na wasichana walijizuia kunywa maji tangu mchana. Hilo la maji hakuna mtaalamu aliyekuwa amewahi kuliandika kwenye jalada la yeyote kati yao.

Walikwenda halmashauri wanne, na ramani na ombi moja la mstari mmoja: choo kimoja kati ya vinne kibaki wazi hadi saa tano usiku. Walifanya mazoezi mara tatu, hasa ya jibu moja: akiuliza mtu kuhusu maisha yako, sema "Hilo si la leo, mheshimiwa," kisha rudi kwenye ramani. Diwani wa pili aliuliza kweli. K. alijibu hivyohivyo, akaweka kidole kwenye choo cha tatu, akaendelea. Mtu anayesimulia maumivu yake huhurumiwa, na mwenye huruma humwamulia. Anayeeleza jambo analolijua kuliko waliomzunguka huulizwa maswali. Brazili ililiona hili kwa ukubwa wake: harakati ya kitaifa ya wavulana na wasichana wa mtaani iliyoanzishwa 1985 ilikusanya wajumbe wake Brasília mwaka 1986, watoto wenyewe, na madai yao yalikuwa sehemu ya msukumo uliozaa sheria ya haki za mtoto na kijana ya tarehe 13 Julai 1990.

Halmashauri ilikubali choo kimoja kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza hakikuwa na balbu. Vijana wakaandika barua ya pili.

Jalada la K. lilipofika mwezi wa tisa lilikuwa na kitambulisho, mkataba wa chumba kwa jina lake, na siku nne kwa wiki kwa fundi wa magodoro. Gundi ilikuwa imeshuka kutoka kila siku hadi usiku mmoja mmoja, mara nyingi baada ya kuzungumza na mama yake kwa simu, jambo ambalo hufanya kila wiki mbili kwa wakati anaouchagua yeye. Nyumbani hajaenda. Sehemu ya chini ya ule ukurasa bado ina neno moja. Ziara zimekuwa moja kwa mwezi hadi mwezi wa 12, na simu mbili baada ya hapo. Kwenye daftari la zamu la nyumba ya kwanza, pembeni ya lile neno "mkaidi", mtu ameandika kwa kalamu ya rangi nyingine: "Mlango haufungiki kwa ndani. Fundi aitwe."